Friedrich: Kutoka Kiti cha Enzi hadi Mfuko wa Masomo

Taasisi ya Friedrich Ebert ya Ujerumani imetimiza miaka 100. Iliasisiwa mwaka 1925, ikapigwa marufuku mwaka 1933, ikafufuka baada ya Vita Kuu ya Pili, na leo ina ofisi katika nchi nyingi duniani, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ambako viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wanaharakati na waandishi wa habari wanaijua kwa herufi tatu tu: FES. Tunaipongeza kwa dhati. Na kwa kuwa pongezi za jubilei aghalabu huishia kwenye orodha ya semina na wageni rasmi, sisi tumeamua kupita njia nyingine, ya kulifuata jina la kwanza la mtu ambaye taasisi hii inamuenzi. Jina hilo lina umri wa zaidi ya miaka 1,000, na kwa sehemu kubwa ya muda huo sifa zake zilikuwa sifa za watawala. Namna lilivyomfikia mtoto wa fundi cherehani wa Heidelberg, na mtoto huyo akaliachia urithi usiofanana na ule wa wafalme, ndiyo sababu yetu ya kusherehekea.

Majina ya kale ya Wajerumani yaliundwa kwa vipande viwili. Friedrich ni *fridu*, yaani amani, hasa ile amani ya ulinzi ambayo ukoo au mtawala humpa mtu aliye chini ya himaya yake. Na *rihhi*, yaani mwenye nguvu, mwenye mamlaka. Vipande hivyo hivyo utavikuta kwingine: cha kwanza kimo katika Siegfried na Gottfried, cha pili katika Heinrich na Dietrich. Wataalamu wa majina hutuonya tusiusome kila muunganiko kama sentensi kamili, kwa sababu wazazi waliviunganisha vipande hivyo kwa kuangalia undugu na mlio zaidi ya maana. Hata hivyo, aliyeisikia lugha hiyo katika karne zile alisikia amani na mamlaka zikitajwa kwa pumzi moja, na historia yote ya jina hili ni historia ya vitu hivyo viwili kuvutana.

Kanisa lilikuwa na Friedrich wake mapema, askofu wa Utrecht aliyeuawa katika karne ya 9 na ambaye hukumbukwa tarehe 18 Julai. Lakini waliolikweza jina ni ukoo wa Hohenstaufen wa Swabia, kusini magharibi mwa Ujerumani, waliopewa utawala wa jimbo hilo mwaka 1079 kupitia mtu aliyeitwa Friedrich. Kwao jina lilikwenda kwa mwana na kwa mjukuu, desturi ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Aliyevuma kuliko wote wa mwanzo ni Friedrich Barbarossa, mwenye ndevu nyekundu. Alichaguliwa kuwa mfalme mwaka 1152, na mwaka huo huo akatangaza sheria ya amani ya nchi nzima, ya kuwazuia mabwana wasipigane na kulipizana kisasi ovyo. Miaka 10 baadaye aliuteketeza mji wa Milan. Alikufa maji tarehe 10 Juni 1190 katika mto Saleph, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akiwa njiani kwenda Yerusalemu kwa vita vya msalaba. Ngano za Wajerumani zinasema hakufa, amelala ndani ya mlima Kyffhäuser, na ndevu zake zinaendelea kukua.

Mjukuu wake ndiye tunayetaka kukaa naye kidogo. Friedrich wa Pili alizaliwa tarehe 26 Desemba 1194 huko Jesi, Italia, akapewa majina ya babu zake wawili: Friedrich kwa babu wa Ujerumani, Roger kwa babu aliyekuwa mfalme wa Sicily. Alilelewa Palermo, mji ambao Kiarabu, Kigiriki na Kilatini vilikuwa lugha za sokoni na za ofisini. Alianzisha chuo kikuu cha Naples mwaka 1224 na akaandika kitabu kikubwa juu ya kuwinda kwa kipanga ambacho wataalamu wa ndege wanakiheshimu mpaka leo.

Papa Gregory wa Tisa alimtenga na Kanisa mwaka 1227 kwa kuchelewesha vita vya msalaba. Friedrich akaenda Yerusalemu hivyo hivyo, akiwa ametengwa, na jeshi lake dogo. Hakupigana. Alituma wajumbe kwa Sultani al-Kamil wa Misri, wakajadiliana kwa miezi, na tarehe 18 Februari 1229 wakatia saini mkataba wa kusitisha vita kwa zaidi ya miaka 10. Wakristo walipewa mji, Waislamu wakabaki na eneo la msikiti wa al-Aqsa na Kuba la Mwamba, kila upande ukaswali na kusali penye patakatifu pake. Mwanahistoria wa Kiarabu wa zama zile, Ibn Wasil, anasimulia kwamba kadhi wa Nablus aliwaamuru waadhini wanyamaze usiku ambao mfalme alilala Yerusalemu, kwa kumpa heshima. Asubuhi Friedrich aliuliza kwa nini hakusikia adhana. Alipoelezwa, alimlaumu kadhi: kusikia adhana usiku kulikuwa miongoni mwa mambo aliyotamani alipoamua kulala mjini humo.

Mkataba ule uliwaudhi wengi wa pande zote mbili. Damascus walilia kwa kuupoteza mji, na Patriaki wa Yerusalemu naye hakutaka kumpokea mfalme aliyetengwa. Pamoja na hayo yote, mji uliokuwa umegharimu maelfu ya roho ulibadilisha mikono kwa maneno na wino. Katika karne zote ambazo jina hili limevaliwa na watu wenye mataji, sisi hatuoni tukio jingine ambalo vipande vyake viwili, amani na mamlaka, vilikaa pamoja vizuri namna ile.

Baada ya Hohenstaufen jina lilitapakaa. Italia walilifanya Federico, Ufaransa Frédéric, Poland Fryderyk, jina alilobatizwa mtunzi Chopin, na Wacheki Bedřich. Denmark walilishika zaidi, na mfalme wao wa sasa, Frederik wa Kumi, alirithi kiti mwezi Januari 2024. Huko Saxony, Friedrich aliyeitwa Mwenye Hekima alianzisha chuo kikuu cha Wittenberg mwaka 1502, kisha akamficha Martin Luther katika ngome ya Wartburg mwaka 1521. Waumini wa Kilutheri wa Kilimanjaro, Kagera na Iringa wana deni kwa Friedrich huyo, hata kama hawamtaji kwenye ibada.

Prussia nayo ililigeuza kuwa jina la dola. Kati ya wafalme tisa wa Prussia kuanzia mwaka 1701, saba walitawala kwa jina la Friedrich au Friedrich Wilhelm. Aliyeacha alama kubwa ni Friedrich wa Pili, aitwaye Mkuu, ambaye watu wake walimwita Fritz Mzee. Alipochukua kiti mwaka 1740 alizuia utesaji wa washtakiwa karibu wote, na kabla mwaka haujaisha akaivamia Silesia. Alihimiza kilimo cha viazi kwa amri ya mwaka 1756, na wageni wanaofika kwenye kaburi lake la Sanssouci, Potsdam, huacha viazi juu ya jiwe mpaka leo. Viazi vile vinapendeza machoni. Vita vyake viliua watu wengi mno.

Jina hili lilifika Afrika kabla ya hapo, na lilifika vibaya. Mwaka 1683 Otto Friedrich von der Groeben alitua kwenye pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana, akasimamisha bendera ya Brandenburg na kuanza ngome iliyoitwa Gross Friedrichsburg kwa heshima ya mtawala wake, Friedrich Wilhelm. Ngome ile ilikuwa ya biashara, na miongoni mwa bidhaa zake walikuwemo binadamu. Watu waliokamatwa bara waliwekwa humo wakisubiri meli za kuwavusha Atlantiki. Kuta zake bado zimesimama Princes Town. Katika jiji la Berlin, ukingo wa mto Spree uliobeba jina la Groeben ulibadilishwa mwaka 2010 na kupewa jina la May Ayim, mshairi wa Kijerumani ambaye baba yake alitoka Ghana. Tunaandika haya ndani ya tahariri ya pongezi kwa makusudi, kwa kuwa anayelisifu jina hana budi kulibeba lote.

Kiswahili chenyewe kina sehemu katika historia hii. Chuo kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1810, kilikuja kuitwa Friedrich-Wilhelms-Universität, na ndani yake ilianzishwa mwaka 1887 idara ya lugha za Mashariki iliyofundisha Kiswahili kwa maofisa na wamisionari waliokuwa wakielekea Afrika Mashariki. Mwalimu mmoja hapo alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Bagamoyo mwaka 1900, mtu tunayemshukuru kwa maandishi ya *Desturi za Wasuaheli* yaliyochapishwa mwaka 1903. Alioa mwanamke wa Kijerumani. Alipotaka kurudi naye nyumbani mwaka 1905, serikali ya kikoloni iliwazuia kuingia, kwa sababu ya ndoa hiyo ya mtu mweusi na mzungu. Alirejea Ujerumani na kufia Berlin mwaka 1927. Alifundisha lugha yetu chini ya paa lenye jina la mfalme wa amani, akanyimwa ruhusa ya kushuka pwani ya kwao.

Kufikia karne ya 18 na 19 jina lilikuwa limeshuka kutoka kwenye makasri hadi kila mtaa. Friedrich Schiller, mwandishi wa tamthilia, aliandika mengi juu ya uhuru wa binadamu. Friedrich Nietzsche alipewa majina Friedrich Wilhelm kwa kuwa alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1844, siku ya kuzaliwa ya mfalme wa Prussia mwenye majina hayo, naye baba yake, mchungaji, alimheshimu sana mfalme. Friedrich Engels alizaliwa Barmen mwaka 1820, mtoto wa mwenye kiwanda, akawa mtetezi wa wale waliofanya kazi viwandani. Jina likawa la mabaharia, wahunzi na wachimba makaa, kwa kifupi Fritz. Na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza wakamwita hivyo kila askari wa Kijerumani.

Katika chumba kidogo cha mtaa wa Pfaffengasse, Heidelberg, tarehe 4 Februari 1871, alizaliwa Friedrich Ebert. Baba yake, Karl, alikuwa fundi cherehani. Nyumba ile sasa ni makumbusho, na anayeingia anaona mara moja jinsi familia kubwa ilivyobanana. Friedrich alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa, na watatu katika hao tisa walikufa wachanga. Hakufika chuo kikuu, ingawa mji wake ulikuwa na kimoja cha kale kuliko vyote katika Ujerumani ya leo, kilichoanzishwa mwaka 1386, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni kwao. Alijifunza kushona matandiko ya farasi. Akazunguka nchi akitafuta kazi, akajiunga na chama cha wafanyakazi, akahamia Bremen mwaka 1891, akafungua baa ambayo wafanyakazi walifika kunywa bia na kuuliza haki zao. Mwaka 1912 aliingia bungeni kuwakilisha Elberfeld-Barmen, kule kule alikozaliwa Engels. Mwaka 1913 akachaguliwa mwenyekiti mwenza wa chama cha demokrasia ya kijamii, SPD, baada ya kifo cha August Bebel.

Bebel huyo Afrika Mashariki inapaswa kumkumbuka. Mwaka 1896 alisimama bungeni Berlin na kumfichua Carl Peters, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, kwa kuwanyonga Kilimanjaro kijana aliyeitwa Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodja. Peters alifukuzwa kazi mwaka uliofuata. Chama alichokirithi Ebert kilikuwa na sauti hiyo ndani yake.

Novemba 1918 mfalme wa mwisho alikimbia, na fundi wa matandiko akakabidhiwa serikali. Siku chache baadaye wanawake wa Ujerumani walitangaziwa haki ya kupiga kura. Tarehe 11 Februari 1919 bunge lililokutana Weimar lilimchagua Ebert kuwa rais. Kiti kilichozoea akina Friedrich wenye mataji kikakaliwa na Friedrich mwenye mikono ya kazi, na waliochukia jambo hilo hawakumsamehe. Agosti mwaka huo gazeti moja kubwa la Berlin lilichapisha picha yake akiwa na kaptula ya kuogelea ufukweni, na picha ile ikasambazwa kwa miaka ili kumdhalilisha. Walimwita msaliti, yeye aliyezika wanawe wawili waliokufa vitani mwaka 1917. Desemba 1924 mahakama ya Magdeburg ilisema kwamba, kwa kushiriki kwake katika mgomo wa Januari 1918, kisheria alikuwa ametenda uhaini. Akipambana na aibu hiyo aliahirisha matibabu ya kidole tumbo, na tarehe 28 Februari 1925 akafariki akiwa na miaka 54.

Wapo wanaomlaumu kwa mambo mazito, na lawama nyingine zina msingi. Serikali yake iliita vikosi vya askari wa kujitolea kuzima maasi ya Januari 1919, na vikosi hivyo vikawaua Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht. Bunge la Weimar nalo, Machi mwaka ule ule, lilidai Ujerumani irudishiwe makoloni yake, Tanzania Bara ya leo ikiwemo. Taasisi yenye jina lake haina haja ya kuyaficha haya, na heri yake ni kwamba ina hazina kubwa ya kumbukumbu mjini Bonn, iliyofunguliwa mwaka 1969, ambako mtafiti anaweza kuyasoma.

Tunachokisherehekea kilianzia kaburini. Ebert alizikwa Heidelberg, mji wake. Michango iliyokusanywa kwenye mazishi, ambayo hapa kwetu tungeiita rambirambi, ilitumika kwa matakwa yake kuanzisha mfuko wa kusomesha vijana wenye vipaji kutoka familia za wafanyakazi, wale ambao, kama yeye, walipita kila siku mbele ya chuo wasichoweza kuingia. Wafalme wenye jina hili waliacha makasri na ngome. Huyu aliacha karo.

Manazi walipochukua nchi mwaka 1933 waliufunga mfuko huo. Baada ya vita ulianzishwa upya na vijana wa chama, kisha mwaka 1954 ukasajiliwa rasmi kama jumuiya. Ujerumani ilikuwa imegawanyika, na jina pia: upande wa Magharibi lilikuwa la taasisi, upande wa Mashariki mtoto wa rais, Friedrich Ebert mdogo, alikuwa meya wa Berlin Mashariki kuanzia mwaka 1948 hadi 1967. Mwaka 1958 waliberali nao waliunda taasisi yao, wakaipa jina la Friedrich Naumann. Mashirika hayo mawili yana mitazamo tofauti juu ya uchumi, na yote mawili yamefanya kazi Afrika Mashariki.

FES imekuwa nasi tangu miaka ya 1960. Imekaa na vyama vya wafanyakazi kwenye masuala ya mishahara na mikataba ya hali bora, imelipia mijadala ya katiba, imechapisha vitabu, na imewafundisha vijana wa vyama vinavyopingana kukaa meza moja na kubishana kwa hoja. Hilo la mwisho ndilo tunalolithamini kuliko yote. Kijana wa chama tawala na kijana wa upinzani wakishinda wiki moja katika mafunzo ya uongozi, wakala pamoja na kutafuta majibu ya tatizo moja, wanatoka wakiwa na namba za simu za wenzao, na siku ya mzozo wana mtu wa kumpigia. Fedha za kazi hiyo zinatoka kwa mlipakodi wa Ujerumani, na ni haki yetu kuuliza kila mara zinataka nini. Kwa tuliyoyaona, jibu limekuwa la heshima.

Tuna ombi moja kwa FES katika jubilei hii: maisha ya Ebert yaandikwe kwa Kiswahili, kitabu kizima, chenye mema na lawama, kipatikane katika maktaba za mikoa na kaunti. Na tuna ombi kwa familia, vyama na serikali zetu. Viongozi wetu wakubwa wanapofariki, tunachanga mamilioni, kisha tunayamaliza kwenye mahema, magari na chakula cha siku tatu. Kamati ya mazishi itakayokutana kesho itenge sehemu ya rambirambi kwa ajili ya mfuko wa masomo wenye jina la marehemu, ifungue akaunti yake, iteue wadhamini, na itangaze hesabu yake siku ya arobaini.